Neno la Mama Baada ya Chakula

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja, fundi cherehani, aliyeondoka kwao akiwa mdogo, akalelewa mjini na mjomba wake. Alipopata nyumba yake mwenyewe akamleta mama yake mzazi akae naye. Kilichomsukuma si huruma tu. Alikuwa ameoa bila kumuuliza mama, na tangu siku ile moyo haukutulia. Alitaka radhi ya mama kabla mama hajafumba macho. Ila kuiomba aliona haya, akasema atasubiri, mama atasema mwenyewe.

Mama akaizoea nyumba. Kila jioni, watu wakishakula na kunawa mikono, alitamka neno moja la kwao: "Msanjale." Kisha ananyamaza, anawatazama. Hakuna aliyelijua, hata mwanawe.

Sasa yule bwana alikuwa mcheshi. Jioni ya kwanza akasema msanjale ni mgeni anayebisha hodi nyama ikishaisha. Mkewe akasema hapana, ni soksi iliyobaki peke yake. Binti yao akadai ni usingizi unaomshika mtu mahubiri yakianza. Naona hata hapa wapo walioshikwa na msanjale. Basi ukawa mchezo wa nyumba: bibi akitamka tu, kila mtu anatoa maana yake, na mwenye maana tamu kuliko wote anapigiwa makofi. Mara nyingi mshindi alikuwa baba mwenye nyumba, na alijisikia kwelikweli. Mama alitabasamu tu, maana aliwaona wanawe wanafurahi.

Niwaulize: katika meza ile, nani aliijua maana ya neno lile? Na nani alikuwa na haja ya kuijua?

Jioni moja mama hakulitamka. Wakamwambia leo zamu yake, na yeye atunge maana ya uongo. Akafikiri kidogo, akasema, "Msanjale ni neno la kuwachekesha watu walioshiba." Walicheka mpaka machozi yakawatoka, wakampa ushindi. Tangu jioni hiyo hakulisema tena.

Baadaye akaja mama mdogo kutoka kwao, kumjulia hali dada yake. Wakati wa kuondoka, yule bwana akambebea mzigo kumsindikiza stendi, na njiani akamtolea la moyoni: mama amekaa kwangu muda wote huu, na radhi hajanipa. Alipoona mazungumzo yamekuwa mazito, akamsimulia ule mchezo wao. Mama mdogo akasimama.

"Mwanangu, kwetu hilo ndilo neno la kufungulia radhi. Mzazi hulitamka watu wakishashiba, akanyamaza. Anayeitaka radhi huinama, akasema, 'Niambie, mama.' Asipoinama, mzazi hamlazimishi."

"Mbona hakunieleza?"

"Angekueleza saa ngapi, na nyie mnacheka?"

Bwana akautua mzigo palepale, akarudi nyumbani mbio. Akamkuta mama anachambua mchele. Akapiga magoti, kichwa chini, akasema, "Msanjale. Niambie, mama."

 Mama kwanza aliinua macho, akatazama nyuma ya mwanawe, aone ni nani amesimama pale tayari kucheka.

Msiniulize kama alimpa. Nataka tujiulize sisi. Tunalo Neno, tunalifungua kila wiki, na kila mmoja wetu ana maana yake. Tunaipenda ile inayotufurahisha, tunaisimulia mpaka nyumbani, na mhubiri aliyeitoa tunamsifu. Aliyelisema yumo humuhumu ndani. Amelitamka, amenyamaza, anatutazama. Ni lini mara ya mwisho tulimwambia, niambie, kisha tukafunga midomo yetu?

Leo nikimaliza sitaki makofi. Inamisheni vichwa, tunyamaze.