Landrova Iliyoimbwa Lunga Lunga

Anayekana kwamba ameanguka atainukaje? Chande, fundi wa magari wa Msambweni, aliujua ukweli huo baada ya kuimbwa.

Ilikuwa vuli ya mwaka uliofuata Uhuru. Mto ulipofurika, magari yote yalikwama kivukoni, na vijiji vya ng'ambo vikakatika kama visiwa. Chande akaazimia kuvihudumia. Akaiinua Landrova yake kuukuu kwa springi za lori, akayajaza magurudumu upepo yakawa magumu kama mawe. Gari likasimama kama twiga, mto likauvuka kwa madaha.

Lakini barabarani liliwarusha watu kama bisi. Shangazi yake Mbodze, mfinyanzi wa Lunga Lunga ng'ambo ya mto, alipakia mitungi akashusha vigae. Wanawake wenzake wakamtungia Chande wimbo papo hapo:

"Gari la Chande ni kinu, abiria ni mpunga!"

"Barabara ndiyo mbovu, shangazi!" Chande aling'aka.

"Barabara hii naipita na punda tangu hujazaliwa, wala sijaokota kigae. Mtungi wa sherehe za Jamhuri kule Msambweni nitampa punda, mto ukipungua. Na ikiwa mtungi hauvumilii, mwanangu, mja mzito anayewahi hospitali utampandishaje?"

Neno hilo lilimchoma kama mwiba. Siku zote Chande alikaa mbele, kwenye usukani. Nyuma hakuwahi kukaa. Basi akampa rafiki yake Salimu ufunguo, akajikunyata palipokaa mitungi. Hawakufika mbali.

"Simamisha!" alipiga kelele, ameshika kiuno. "Nimeshindwa! Kosa ni langu, barabara haina hatia."

"Leo kinu kimepata mpunga wake," Salimu alicheka.

Chande hakununa. Alizing'oa springi za lori, maana zilifanywa kwa mizigo mizito, na gari jepesi haliwezi kuzikunja. Akarudisha za zamani, akazipaka grisi baina ya mabapa yake ya chuma, akabadilisha shokamzoba za kuzuia mitikisiko, zilizokuwa zimechoka. Ili kimo kisipotee, alikaza vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Mwisho akapunguza upepo wa magurudumu.

Mkesha wa Jamhuri alibisha mlangoni kwa Mbodze.

"Shikamoo, shangazi. Nilikosea. Nipe mtungi mmoja tu, nikiuvunja sitarudi tena."

Mbodze aliutwaa mtungi. "Marahaba. Nipe mkono nipande. Nitaupakata mwenyewe."

Mto ulikuwa umejaa. Landrova ikaupasua, ikapanda ukingo, ikayapita mashimo ikinesanesa kama kitanda cha kamba. Walipoingia Msambweni, Chande aligeuka nyuma kwa hofu. Mtungi ulikuwa mzima, na shangazi yake alikuwa akikoroma juu yake!

Alipoamshwa, Mbodze aliushusha mtungi mbele ya umati uliokesha kungoja sherehe, akapiga kigelegele:

"Gari la Chande ni mbeleko, twabebwa twasinzia!"

Tangu hapo waja wazito wa ng'ambo hawakuuogopa tena mto. Naam, waliosema hawakukosea: asiyekubali kushindwa si mshindani.