Mbuzi wa Karamu ya Mtukufu

Katika nchi moja iliyofunga mipaka yake, mjane Sikitu alikuwa na mbuzi mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyowalea wajukuu zake. Asubuhi moja akaja mkuu wa kata, Bwana Lufunga, na askari wawili.

“Mbuzi huyu anatakiwa kwa karamu ya Mtukufu Rais,” akasema.

Sikitu akamfungua mbuzi mwenyewe. “Heshima iliyoje! Ila niandikie hati, mheshimiwa, nikaisome kwenye mkutano wa kijiji kesho.”

Lufunga akatoa kalamu. “Niandike nini?”

“Jana redio ilisema ghala za Mtukufu zimefurika, hapungukiwi na kitu. Sasa andika kwamba amekosa kitoweo, mjane akamsaidia.”

Kalamu ikasimama. “Mtukufu hajakosa kitoweo!”

“Kweli kabisa, nisamehe. Basi mbuzi huyu ataliwa na nani?”

Askari wote wawili wakageuka kumtazama Lufunga.

“Nimekuja kumkagua tu,” akasema.

“Basi andika hivyo, mheshimiwa. Kakaguliwa, ni mzima, asiguswe.”

Akaandika, akagonga muhuri. Sikitu akaipokea hati kwa mikono miwili, kisha akawageukia askari.

“Na nyie wanangu, tieni sahihi. Mmeshuhudia.”