Koti la Mzee Obiero

Laban Wakhisi alikuwa dereva hodari, na kwa hilo hakuna aliyembishia. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwa na mdomo wa kuuliza. Alitoka kwao Bungoma mwaka 1986, akapanga chumba mtaa wa Migosi, mjini Kisumu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa akiwaelekeza wenyeji njia. Ukianza kumweleza jambo, alikukata kauli: "Najua." Akipotea, alizunguka na gari mpaka mafuta yakaribie kwisha, kuliko kuteremsha kioo amuulize mama anayechuma mboga kando ya barabara. Wenzake walimbandika jina la Bwana Najua, naye maskini akalipokea kama cheo.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo jeupe la Kituo cha Huduma za Wazee, kilichoendeshwa na makanisa matatu katika ukumbi mmoja mtaani Kaloleni. Kila Alhamisi lilikwenda tupu hadi mwisho wa barabara ya udongo iliyoandama ufuo wa ziwa, ambako matatu za abiria hazikufika msimu wa mvua. Huko liligeuza na kuanza kuwaokota wazee, pamoja na akina mama wenye watoto wa kuchanjwa, hadi mjini. Wazee walipimwa presha, wakapewa dawa na uji, na kabla jua halijatua walirudishwa makwao. Wengi wao wasingeonana na daktari kama si basi lile.

Kituo cha mwisho kiliitwa Kobiero. Hapo walipandia Mzee Obiero na mkewe, Seline Adero. Jicho la kushoto la Mama Adero lilikuwa limekufa kwa presha ya macho, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Aliona vivuli tu. Kwa hiyo mzee alitangulia akishika ncha moja ya fimbo, mama akafuata akishika ncha ya pili. Mzee hakuachana na koti lake refu jeusi, alilolipata enzi za kazi ya reli, wala kofia yake pana iliyomfunika hadi kwenye nyusi. Jua liwake, mvua inyeshe, koti lilikuwa mwilini.

Mwezi wa Aprili mwaka 1991, Mzee Obiero akafariki ghafla mjini. Kituo kilitoa basi lake limrudishe nyumbani, na Laban ndiye aliyeliendesha, jeneza likiwa limelazwa katikati ya viti. Jumamosi alisimama pembeni ya kaburi akaliona jeneza likishushwa na kufukiwa. Baada ya mazishi, Mzee Joram, ndugu wa marehemu, alimfuata garini.

"Laban, Alhamisi utakuja kuchukua mama?"

"Nitakuja, mzee. Siku hiyo daktari ya macho anatoka Nairobi. Sista Dorca ameandika jina ya mama ikuwe ya kwanza."

"Ni vizuri. Hata pasta amesema macho haiwezi ngoja matanga. Lakini sasa yeye ni mjane. Unajua vile wajane wetu hukaa?"

Laban hakujua. Kwao Bungoma wajane wana desturi zao, na hizi za ufuoni hakuwahi kuziona kwa karibu. Lakini mdomo ulijibu kabla ya kichwa.

"Najua, mzee. Mimi si mgeni hapa."

"Basi haina shida," akasema Joram. Akalipigapiga basi ubavuni kwa kiganja, akarudi kwa waombolezaji.

Jumatano jioni, Sista Dorca, muuguzi wa kituo, alimwita kando. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na makali.

"Huyu daktari anakaa siku moja tu. Kesho saa nane anaondoka, na hawezi rudi mpaka Desemba. Hiyo jicho ya Mama Adero haiwezi fika Desemba. Afanyiwe operesheni kesho, ama awe kipofu kabisa. Umesikia?"

"Najua, Sista."

Alijua, lakini moyo wake haukutulia. Tangu Jumamosi alikuwa amelisafisha basi mara mbili kwa sabuni na dawa ya kuua wadudu, na bado lilinuka mbao mbichi. Kila alipoliendesha tupu, kiti cha nyuma kililia kama kinachokaliwa na mtu. Bibi yake, Nabututu, aliwahi kumwambia utotoni kwamba maiti aliyesafirishwa kwa gari hulikumbuka gari lake, na siku moja hurudi kulipanda. Mwanamume mzima, mshirika wa kanisa, akawa anaendesha huku akitazama kioo cha ndani kila mara.

Alhamisi hiyo ziwa liliamka na ukungu, na juu ya ukungu, usubi. Watu wa ufuoni wanaujua msimu wa usubi: vijidudu hivyo huinuka majini kwa mamilioni, vikapanda angani kama moshi wa nyumba inayoungua, kisha vikaja nchi kavu. Saa moja na nusu asubuhi Laban alikuwa amewasha taa za mbele na bado hakuona hatua kumi. Waipa zilisaga vijidudu kwenye kioo vikawa uji. Sauti yao ilijaa kila mahali, mvumo wa chini usiokatika, kama watu wengi wanaosali wamefumba midomo.

Alifika Kobiero, akageuza, akasimama mbele ya duka lililofungwa. Hakuona mtu. Akapiga honi mara moja, na mlio wake ukamezwa pale pale. Injini hakuizima.

Ndipo kitu kirefu cheusi kikainuka barazani pa duka.

Laban alilitambua koti kabla ya kutambua kitu kingine. Halafu kofia, imeshushwa hadi nyusi. Halafu fimbo, imenyooshwa mbele kwa mkono mmoja, na upande wa pili wa fimbo hakuna aliyeshika. Umbo lile lilikuja moja kwa moja kuelekea basini, polepole, bila kugeuza kichwa, na usubi ukafunguka mbele yake na kujifunga nyuma yake. Lilipofika mlangoni liliinua mkono. Mkono haukuonekana, ilionekana mikono ya koti tu, mirefu, ikining'inia. Kitambaa kikapapasa kioo kutoka kushoto kwenda kulia, kikafuta vijidudu na kuacha mfereji mweusi.

"Laban," ikasema sauti. Ilikuwa nzito na imekwaruza, kama ya mtu mwenye udongo kooni. "Laban, fungua."

Neno moja lingetosha: "Nani?" Mtoto wa darasa la kwanza angelisema. Laban hakulisema. Alikanyaga mafuta hadi mwisho, basi likaruka kama mbuzi, na katika kioo cha pembeni aliliona koti likikimbia nyuma yake, fimbo mbele, mpaka usubi ulipolifunika.

Katika kituo kilichofuata alipanda mama mmoja wa makamo aliyeitwa Maximilla, mgonjwa wa miguu. Alitazama viti vilivyokuwa tupu.

"Na Adero?"

"Hakuna mtu pale," akajibu Laban. Angewaambiaje wazee kwamba basi lao linafuatwa na maiti? Nani angepanda tena? Na wale wasioamini wangemcheka mwaka mzima. Akaendelea kuokota watu.

Walipofika Kaloleni, saa nne kasoro dakika chache, Sista Dorca alikuwa mlangoni na orodha mkononi. Nyuma yake, katika chumba kilichotengwa, daktari alikuwa ameshavaa glavu.

"Mama Adero?"

"Hakukuwa na mtu, Sista."

"Ulishuka? Ulienda nyumbani kuuliza?"

Laban aliangalia viatu vyake. Hapo ndipo yale yaliyomkaa kooni tangu asubuhi yalipomtoka.

"Sista, mimi niliona Mzee Obiero. Alikuwa kituoni na koti yake na kofia yake. Alitaka kuingia kwa gari. Aliniita jina."

Kikombe cha uji kilianguka ukumbini na hakuna aliyegeuka kukitazama. Dorca hakucheka. Rangi ilimpotea usoni, lakini si kwa hofu ya maiti.

"Sauti ilikuwa aje?"

"Ya mwanaume. Imekwaruza."

"Yawa!" Dorca alishika kichwa. "Laban, kwetu mjane huvaa nguo ya bwana yake mpaka matanga iishe! Na sauti amelia nayo wiki mzima, itabaki gani? Huyo alikuwa Adero mwenyewe. Umemwacha huko. Kimbia!"

Hakungoja kuambiwa mara ya pili. Safari ilikuwa ya saa moja na nusu kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Akimkuta kituoni, angewahi. Alihesabu hivyo njiani, akihesabu tena na tena, huku akijilaani kwa lugha ya kwao.

Kobiero hapakuwa na mtu. Mkaza mwana wa Mama Adero, Lornah, alitokea kwenye kichochoro akiwa na mtoto mgongoni, akashangaa.

"Mama ameshuka wapi?"

"Hakupanda," akasema Laban.

"Hakupanda? Mimi nilimleta mpaka kwa baraza ya duka, mtoto akalia nikarudi. Nilisikia gari. Nikajua ameenda!"

Waliikuta kofia katikati ya barabara, imekanyagwa na ng'ombe. Kutoka hapo, alama za ncha ya fimbo katika matope zilifuata barabara hatua kadhaa, kisha zikakata kulia na kushika njia ya ng'ombe iliyoteremka.

"Huko ni ziwa tu," akasema Lornah kwa sauti ndogo.

Mbele yao, ndani ya ukungu uliokuwa bado umelala juu ya maji, mashine ilinguruma. Ilikuwa boti ya wavuvi, inazunguka mahali pamoja ikitafuta nyavu zake. Kwa mtu asiyeona, ilinguruma kama basi dogo linalosubiri abiria. Laban alielewa yote kwa mara moja.

Walimkuta kwenye mafunjo. Alikuwa amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, koti limetanda na kuelea pande zote, na mgongo wake ulijaa usubi hadi koti likaonekana kama linapumua. Mikono ilikuwa imenyooshwa mbele, ikipapasa hewa, kushoto kwenda kulia. Na sauti ile ile ilikuwa ikisema, bila kupandisha wala kushusha, kama mtu aliyesema hivyo kwa saa nyingi: "Laban, fungua. Laban, fungua."

Alijua ni nani, na bado mwili wake ulikataa kwenda mbele. Lornah alikuwa ameshaanza kulia. Laban, kwa mara ya kwanza tangu aje Kisumu, akauliza.

"Mama Adero, ni wewe?"

Mikono ikatulia.

"Ni mimi," ikajibu sauti. "Gari iko wapi? Naisikia, lakini siipati."

Aliingia majini na viatu vyake, akambeba. Alikuwa mwepesi kuliko koti. Basi lilipong'oa nanga kutoka Kobiero ilikuwa saa saba kasorobo, na Laban aliliendesha kama mwendawazimu kwenye utelezi ule, mara mbili likakaribia mtaro. Mama Adero alikaa nyuma yake, maji yakimtiririka. Walifika Kaloleni saa nane na dakika ishirini.

Dorca alikuwa amemsihi daktari asubiri, naye akasubiri robo saa nzima. Lakini kulikuwa na wagonjwa wengine waliomngoja Kericho, na dereva wake alikuwa ameshawasha gari, hivyo wakaondoka. Chumba kilinuka spiriti. Shuka la kitanda cha operesheni lilikuwa linakunjwa.

Laban aliketi sakafuni, akalia mbele ya wazee wote, wale wale ambao asubuhi aliogopa wangemcheka. Hakuna aliyecheka. Mama Adero aliongozwa hadi alipokuwa, akaketi kwenye benchi, akamtafuta kwa mkono mpaka akalipata bega lake.

"Dorca ameniambia. Ulifikiria mimi ni mzee wangu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini hata kama angekuwa mzee, si ungemuuliza tu anataka nini? Mzee wangu hakuwa na maneno na mtu. Angekuambia: Laban, mimi sina shida, nichukulie tu Adero umpeleke kwa daktari."

Mwezi wa nane, miezi minne kabla ya daktari kurudi, vivuli vilivyobaki katika jicho la Mama Adero vikazimika, na mtoto wa Lornah aliyeanza kutembea siku hizo akabaki kujulikana na bibi yake kwa sauti na kwa mkono tu. Kuanzia hapo, dereva wa basi jeupe akawa anazima injini kila kituo, anateremka, na kuuliza mpaka watu wakachoka kumjibu. Lakini jicho likishakufa halifufuliwi na maswali. Bwana Najua alijifunza kwa jicho la mtu mwingine kwamba kuuliza si ujinga.