Darasa Lililosema Ndiyo

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la pili, mpole, anayependa watoto. Wiki ile alikuwa akifundisha kusoma saa. Kila kengele ilipolia alifuta ubao huku akiuliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Haya, kanyweni uji."

Basi, somo limekwisha. Watoto mbio, vikombe mkononi.

Asubuhi moja akaja mama amemshika binti yake mkono. "Mwalimu, huyu kila siku ya hesabu tumbo linamuuma. Leo kasema haji tena shule, ati hana akili ya saa."

"Mbona jana niliwauliza, na yeye akasema ndiyo?"

"Aa, mwalimu wangu. Hata mimi enzi zangu nilisema ndiyo. Uji ulikuwa unanukia."

Wakacheka wote wawili. Lakini mwalimu alipobaki peke yake, hakucheka tena. Je, ni ndiyo ngapi alizopokea mwaka ule?

Siku hiyo hakungoja kengele. Somo likiwa bado na dakika kumi, aliweka chaki chini, akaenda kujibana kwenye dawati la watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Watoto wakaangua kicheko.

"Leo siulizi kama mmeelewa," akasema. "Nauliza, nani amekwama, na wapi? Atakayesema tutampigia makofi."

Watoto wakatazamana. Nani apigiwe makofi kwa kutojua?

Yule binti akainua kidole nusu. "Mwalimu, kwenye saa uliyochora ubaoni mshale mfupi uko kwenye mbili. Kwa nini tunasema saa nane?"

"Hata mimi sijui," akasema wa nyuma yake. Vidole vikaanza kuchipuka, kumi, kumi na tano, nusu ya darasa. Makofi yakapigwa mpaka darasa la jirani wakachungulia dirishani. Kisha mtoto mmoja akaenda ubaoni akawaonyesha wenzake: tazama namba inayokabiliana na mshale. Mbili inatazamana na nane. Binti akajaribu tatu, akapata saa tisa. Akajaribu nne, akapata saa kumi. Kengele ikalia, na hakuna aliyenyanyuka. Siku ile uji ulipoa.

Ndugu zangu, mnawacheka watoto wale? Sisi je? Hapo mlangoni, tulipokuja kusali, tumesalimiana vipi? "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto?" "Wazima." Yupo humu aliyekesha na mtoto mwenye homa, naye amesema nzuri. Yupo ambaye leo ni siku ya tatu hasemezani na mumewe, naye amesema nzuri. Nasi tumepokea hiyo nzuri, tukapita kutafuta pa kukaa. Tunadhani tumejuliana hali, kumbe tumeitikiana tu.

Leo tukishasema amina, tusikimbilie mlango. Mgeukie uliyekaa naye, umuulize amekwama wapi. Akikujibu "nzuri", usiondoke. Kaa naye kidogo. Jibu lenyewe bado linakuja.