Msichana Aliyeruka Bila Kujua Amefika Wapi

Wapendwa, kulikuwa na msichana mmoja wa sekondari aliyekuwa hodari wa kuruka mbali. Kila siku saa kumi, wenzake wakicheza mpira wa pete na kucheka, yeye alikwenda nyuma ya madarasa, kwenye shimo la mchanga, yeye na mwalimu wake tu.

Mwalimu huyo aliamini kwamba mwanamichezo akisifiwa anavimba kichwa. Basi binti akitua tu, mwalimu anataja kosa: "Goti." Kisha anavuta reki na kusawazisha mchanga kabla mtoto hajageuka kuona alipotua. Leo goti, kesho mkono, keshokutwa goti tena.

Siku moja binti akauliza, "Mwalimu, leo nimefika wapi?"

"Wewe angalia goti lako."

Akaliangalia. Akawa anakimbia huku akiliwaza goti, na kila alivyoliwaza ndivyo alivyozidi kuruka karibu. Mnaujua upweke wa namna hii? Mtu yuko kando yako kila siku, na bado uko peke yako. Upweke huo unaumiza, ndugu zangu.

Wiki moja kabla ya mashindano ya mkoa, binti hakuja. Mwalimu akamfuata nyumbani, akamkuta anaosha vyombo.

"Mbona umeacha?"

"Siwezi kuruka, mwalimu. Kila siku nakosea."

Mwalimu akashika kichwa. "Mwanangu, mwezi wa pili uliruka mbali kuliko wote niliowahi kuwafundisha."

Binti akaweka sahani chini. "Ulilijua hilo tangu mwezi wa pili?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na mimi nilikuwa pale pale, mwalimu. Tangu mwezi wa pili."

Akarudi kwenye vyombo vyake. Hakuruka tena.

Tunamlaumu mwalimu, sivyo? Naona mnatikisa vichwa. Haya, na sisi? Mume, mara ya mwisho ulimwambia nini mkeo kuhusu chakula zaidi ya chumvi? Mzazi, ripoti ya mtoto ulianzia somo gani?

Nami sijitoi. Yule mama aliyeketi nyuma kabisa amefagia kanisa hili miaka tisa. Katika miaka hiyo mimi, mchungaji wenu, nimemwambia jambo moja tu: kona ile bado ina vumbi.

Mama, usisimame. Baki umeketi. Ninashuka mimi, nije huko uliko.