Glovu za Siku ya Hatari

Akina mama, leo naanza na lile kabati lenu la sebuleni, la vioo. Mle ndani mna sahani za maua, vikombe sita, na birika ambalo tangu harusi halijaonja chai. Sisi wenye nyumba tunanywea vikombe vya plastiki vilivyopasuka mdomo. Tukiuliza tunaambiwa, "Vile ni vya wageni." Msidhani nawasema ninyi tu. Kwangu nako kabati lipo, na mke wangu asinikasirikie.

Basi kulikuwa na mama mmoja, mtunza stoo wa zahanati iliyoko mpakani kabisa, pale malori yanapopumzika kabla ya kuingia nchini. Mama mwaminifu, hajawahi kuchukua hata pini. Mwaka mmoja gonjwa baya lilivuma nchi ya jirani, likaishia hukohuko. Wakubwa wakaleta maboksi ya glovu, barakoa na magauni ya kujikinga. Wakamwambia, "Mama, hii ni akiba ya siku ya hatari. Hapa kwako ndipo mlango wa nchi ulipo." Mama akafunga stoo, ufunguo akauvaa shingoni, akajisemea moyoni kwamba akiba haiozi.

Nesi wa zahanati ile alikuwa mmoja tu, binti wa marehemu dada yake, ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu ananyonya. Glovu za kawaida zilipokwisha, na zilikwisha mara nyingi, binti alikuja kugonga mlango wa stoo.

"Mama mdogo, kuna mzazi ndani. Nipe hata jozi moja."

"Kuzalisha si hatari ya taifa, mwanangu. Zile zina siku yake."

Binti alinawa kwa sabuni, akaenda kuzalisha kwa mikono mitupu. Mama alibaki na uchungu, maana mtoto yule alimpenda kuliko macho yake. Lakini aliona anailinda nchi. Je, ninyi mngempa? Msinijibu haraka.

Miaka sita ikapita. Asubuhi moja akaletwa dereva wa lori, ana homa, anahema kwa tabu, na redio ilikuwa imekwisha kutangaza gonjwa jipya. Mama hakungoja kuombwa. Alikimbilia stoo, akafungua, akapasua boksi la kwanza. Glovu zilikuwa zimegandana kwa joto la bati. Ukivuta moja inachanika kama ganda la kitunguu. Boksi la pili, hali ileile. Barakoa zimekatika kamba. Kwenye magauni panya wamezalia. Panya, ndugu zangu, wao hakuna aliyewaambia wangoje siku ya hatari.

Mama akakaa chini akalia. Binti akamwinua.

"Usilie, mama mdogo. Nifunge hii mifuko mitupu ya chumvi, ya nailoni, mikononi. Mgonjwa anasubiri."

Mama akamfunga kwa uzi, mkono mmoja kisha wa pili, kama alivyokuwa akimfunga vifungo vya sare ya shule. Katika maisha yake hakuna kazi iliyowahi kumuuma vile.

Siku ya tano binti naye akalala kitandani. Zahanati ikafungwa, kwa kuwa nesi alikuwa huyohuyo. Malori hayakufungwa. Yalipita na wagonjwa wasiojijua wameshika usukani, yakafika mjini, yakafika mikoani. Wakazikwa watu ambao hata jina la zahanati ile hawakuwahi kulisikia. Nchi ilikuwa na jeshi, na vizuizi barabarani ilikuwa navyo. Lakini mlango wake ulikuwa mikono miwili ya binti mmoja, na mikono ile haikuwa na glovu.

Mungu ni mwema, binti alipona. Wiki nne mama alimpikia uji na kumpitishia dirishani. Siku aliporudi kazini, anatembea huku anapumzika, gari la wilayani likaleta maboksi mapya.

"Mama, haya yafungie," akasema bwana aliyeyaleta. "Ni akiba."

Mama akachukua kisu, akapasua boksi palepale mbele yake, akaliweka juu ya meza ya chumba cha wazazi.

"Kesho kuna mama anajifungua. Zikipungua nitakuja kuwasumbua mniletee nyingine."

"Na gonjwa likirudi?"

"Likirudi litatukuta tumeshazivaa."

Ndugu zangu, wahenga hawakusema uongo. Akiba haiozi, lakini ni ile inayotumika na kujazwa tena. Sisi tunapiga magoti tukiomba Mungu ailinde nchi yetu na magonjwa. Naye alikwisha kutujibu, akatupa walinzi, wamo zahanati za mitaani kwetu wanazalisha watoto wetu. Nani kati yetu ameuliza wiki hii wanavaa nini mikononi?

Mkifika nyumbani leo, fungueni lile kabati. Kunyweni chai katika vile vikombe, maana wageni ni ninyi. Mkimaliza, piteni zahanati mkamuulize yule nesi, "Mwanangu, glovu unazo?" Akisema hana, msirudi nyumbani mkalala.