Mlinganyo wa Alhamisi

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo walioishuhudia bado wanapumua, palikuwa na chuo cha wananchi huko Igwila, katika milima ya kusini, ambako ukungu huingia madarasani bila kubisha hodi. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima: washonaji, waashi, mafundi magari, watu walioacha shule wakiwa wadogo na sasa wanatafuta cheti. Hawakuogopa kazi yoyote ya mikono. Waliogopa aljebra.

Mwalimu wao wa hesabu, Mwalimu Kajela, alifariki wakati wa Pasaka. Akaletwa Mwalimu Atuganile, mwanamke mpole wa sauti lakini asiyekata tamaa upesi. Siku ya kwanza aliandika x ubaoni, akawauliza ni nini.

"Kosa!" akajibu mmoja, darasa likaangua kicheko.

"Kwenye madaftari yenu, ndiyo," Atuganile akasema. "Hapa ni kitu ambacho kipo, ila hatujakijua. Kazi yetu ni kukiuliza taratibu mpaka kiseme."

Wiki ya tatu, Jumatatu asubuhi, alifungua darasa kwa ufunguo ambao alikuwa nao yeye peke yake. Ubaoni akakuta pameandikwa: 3x + 4 = 58. Ile x ilikuwa kama miezi miwili michanga iliyopeana mgongo. Akadhani ni mzaha wa wanafunzi, akautumia kufundishia. Toa nne pande zote. Gawanya kwa tatu. Wakapata kumi na nane.

Jumanne akakuta mlinganyo mwingine: 2x − 7 = 31. Wakapata kumi na tisa. Jumatano akakuta mwingine tena, na safari hii vumbi la chaki lilikuwa bado linaelea mbele ya ubao, kana kwamba mkono umeondoka sasa hivi.

"Nani anaandika hivi?" akauliza.

Mwishowe akasimama Mbwiga, mwashi mwenye mvi, aliyekuwa na tabia ya kujibu "sifuri" kwa kila swali asilolijua.

"Mwalimu, hiyo x ni ya marehemu. Hakuna mwingine aliyeiandika hivyo."

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Tangu hapo, kila asubuhi, Atuganile aliingia ameinamisha uso na kufuta ubao kabla ya kuwasalimu.

Hakujua kwamba Subilaga, mshonaji aliyeshika daftari la mahudhurio, alikuwa akifika mapema na kuchungulia dirishani. Kila mlinganyo aliunakili. Kila mlinganyo aliukokotoa peke yake. Na alichokiona hakumwambia mtu.

Wiki mbili zikapita. Ikaja Alhamisi ambayo mvua ilikuwa na siku ya nne bila kupumzika. Kilima kilichokuwa nyuma ya darasa kilikuwa kinatoa maji kama kitambaa kinachokamuliwa. Waliingia wanafunzi ishirini, wakausukuma mlango kwa mabega ili mvua isiwafuate ndani.

Subilaga akasimama.

"Mwalimu, mlinganyo ulioufuta leo. Naomba tuufanye."

"Ule hatuufanyi, dada."

"Naomba, Mwalimu. Nimeshindwa. Leo x iko pande zote mbili." Akafungua daftari la mahudhurio. "Kila siku jibu huwa ni idadi yetu. Lile la kumi na nane, tulikuja kumi na nane. Lile la kumi na tisa, tulikuja kumi na tisa. Halijakosea hata mara moja."

Mtu mmoja akaanza kusali kwa sauti ya chini. Atuganile alitaka kusema basi, inatosha. Mbwiga alikuwa tayari yuko ubaoni na chaki mkononi. Akaandika kutoka kwenye daftari la Subilaga: 5x + 12 = 2x + 12.

"Natoa kumi na mbili huku na huku," akasema. "Natoa 2x huku na huku. Inabaki 3x ni sawa na hakuna kitu. Nagawanya kwa tatu." Akaandika jibu. "Sifuri."

"Wewe kila kitu sifuri!" akafoka mmoja.

"Siku nyingine nilikuwa nabahatisha. Leo nimeihesabu."

Atuganile alipitia mstari kwa mstari akitafuta kosa. Hakuwahi kumwombea mwanafunzi wake akosee, lakini siku ile aliomba. Kosa halikuwepo.

"Iko sawa," akanong'ona.

Wakakimbilia mlango. Mlango ukagoma, mbao zilikuwa zimevimba kwa maji. Wakausukuma, wakauvuta, wakaanza kulia.

Nyuma kabisa alikaa Lugano, fundi magari, ambaye muhula mzima hakuwahi kumaliza hesabu hata moja. Akainuka polepole.

"Watu wazima mnaogopa chaki," akasema. Kisha akabeba benchi, akalipiga dirisha mara moja, mara mbili, fremu ikang'oka. Akawatoa mmoja mmoja kwa kuwashika kiunoni, mwalimu akiwa wa ishirini. Yeye akatoka mwisho.

Walikuwa bado hawajafika kwenye bendera ya chuo kilima kilipoteremka. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Walipogeuka, darasa halikuwepo. Na wapo wanaoapa kwamba walisikia chaki ikigonga ubao chini ya ule udongo, mara tatu, kisha kimya.

Mwezi haujaisha, barua ikaja kutoka wilayani: chuo cha Igwila kimepewa nafasi moja ya kusomea ualimu, apewe yule aliyeliokoa darasa. Atuganile akawaita watatu: Subilaga, Mbwiga na Lugano.

"Nafasi ni yangu," akasema Subilaga. "Nisingenakili, mlinganyo ungekufa kwenye kifutio chako, Mwalimu. Nisingeona maana yake, ingekuwa hesabu tu."

"Ulijua wiki mbili ukanyamaza," Mbwiga akamkatiza.

"Ningesema ningeitwa mchawi. Nawe unajua."

"Wewe ulikuwa na swali, mama, hukuwa na jibu," akasema Mbwiga. "Jibu nililitoa mimi. Nina miaka arobaini na tisa. Mara moja tu maishani nimeulizwa kitu ubaoni nikakijua, na watu ishirini na mmoja wakapona."

Lugano akakuna kichwa. "Mimi sikuamini, wala sasa siamini. Niliona watu wanalia, mlango umekwama, nikafungua njia. Ila ningekaa kitini, mngezikwa na jibu lenu sahihi."

Wapo waliosema aandikwe marehemu. Lakini marehemu haendi chuoni.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina. Atuganile alishika kalamu tangu asubuhi mpaka ukungu ukapanda na kushuka, na mstari ukabaki mweupe.

Basi ninyi mlionisikiliza, mshikeni mkono mwalimu huyu. Yupo aliyeona akanyamaza hadi dakika ya mwisho. Yupo aliyekokotoa. Yupo aliyevunja dirisha bila kuamini. Je, nani alistahili kuandikwa?